Nani Hasa Ndiye Muuaji?

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tamthilia za China zimepiga hodi katika nyumba nyingi za Waswahili, nyumbani na huku ughaibuni. Hapa Bloomington, katika miezi ya baridi ambapo jua huzama saa kumi na nusu na hakuna pa kwenda ila Mall of America, zinazopendwa na wengi ni zile za upelelezi wa kale. Maiti inaokotwa, kisha ya pili, kisha ya tatu, kila moja imewekewa alama za kafara. Wenyeji wanasema ni mizimu. Hakimu hasemi kitu. Anachunguza kucha, vumbi na majivu, na katika sehemu ya mwisho anamvua mzimu kinyago, na nyuma ya kinyago yupo mtu mwenye kisasi au mwenye tamaa ya urithi.

Mahakimu hao hawakubuniwa wote. Di Renjie, aliyefariki mwaka 700, alimtumikia kweli Malkia Wu Zetian. Bao Zheng (999–1062) alikuwa ofisa wa nasaba ya Song aliyesifika kwa kukataa rushwa. Visa vya mizimu ndivyo walivyotungiwa baadaye.

Utamu wa tamthilia hizo unatokana na ahadi moja: kwamba nyuma ya damu na ubani yupo muuaji mmoja, na akikamatwa, mji mzima unalala usingizi. Swali ninaloomba tulitafakari ni hili: katika mauaji ya kafara, je, muuaji huwa mmoja kweli? Na kama si mmoja, lawama tuigawe vipi? Hili si swali la kupitisha muda. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tumeyapata mauaji ya namna hiyo katika vijiji vyetu.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania: Mwanza, Shinyanga, Mara, Kagera. Viungo vilitakiwa na waganga waliowaahidi wateja wao utajiri: dhahabu kwa mchimbaji, samaki kwa mvuvi, ushindi kwa mgombea. Bei zimetajwa sana magazetini. Sitazirudia hapa, maana bei ikishatajwa humpa hesabu mtu ambaye hakuwa nayo. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema alijifanya mfanyabiashara anayetafuta dawa ya utajiri, akawaendea waganga hao, na yale aliyoyasikia yakatangazwa na BBC. Kwa kazi hiyo alilazimika kujificha. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa imeketi Kahama, wanaume watatu walihukumiwa kifo kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji hayo.

Je, mji ulilala? La hasha. Mashambulizi yalipungua, kisha yakarudi. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, na polisi wakakamata zaidi ya 200. Mei 2024, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana, baadhi ya viungo vikiwa vimeondolewa. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba, na miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo baba mzazi na padri. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, wala si yangu wala yako. Lakini hata hati ya mashtaka peke yake inatosha kuivunja picha ya tamthilia. Hatuoni ndani yake mwendawazimu mmoja anayezurura usiku. Tunaona mnyororo, na pete ya kwanza inadaiwa kuwa ndani ya nyumba. Kikulacho, walisema wahenga, ki nguoni mwako.

Mimi ni mhandisi, na taaluma yangu imenizoesha kuliuliza swali hili kwa namna nyingine. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W, barabara hiyohiyo inayopita hapa Bloomington, lilianguka katika Mto Mississippi mjini Minneapolis. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa. Siku hiyo daraja lilikuwa likikarabatiwa, na juu yake palikuwa pamerundikwa mchanga, kokoto na mashine. Mtazamaji wa haraka angesema mzigo ule ndio uliouangusha muundo wote. Wachunguzi wa serikali hawakuishia hapo. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilieleza kwamba baadhi ya mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yalikuwa na unene wa nusu inchi tu, takriban nusu ya unene uliohitajika. Kosa hilo lilifanyika katika michoro ya miaka ya 1960, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1967. Kwa miaka 40 lilibeba magari, likaonekana zima. Mchanga na mashine za siku ile vilikuwa mzigo wa mwisho.

Katika mauaji ya kafara, aliyeshika panga ni mzigo wa mwisho. Mara nyingi ni kijana maskini aliyeahidiwa fedha ambazo hajawahi kuziona. Juu yake yupo dalali. Juu ya dalali yupo mganga. Juu ya mganga yupo mteja, mwenye mtaji, ambaye mikono yake haina hata tone la damu na ambaye ndiye adimu kuliko wote katika kizimba cha mahakama. Na chini yao wote lipo bamba jembamba lililowekwa zamani, nalo ni maneno yetu.

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Pengine bibi alilisema bila chuki, kama jambo la ajabu la kuwasimulia wajukuu. Lakini litazame neno hilo linavyofanya kazi. Asiyekufa hawezi kuuawa. Aliyetoweka hana kaburi, hana kesi, hana wa kumlilia. Neno moja limemwondoa mtu katika orodha ya watu, likamwacha tayari kwa yeyote atakayekuja na panga. Ndipo baadaye, mitaani, watoto wa watu wakaanza kuitwa "dili". Ukweli wenyewe ni mwepesi. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wao wenyewe mara nyingi hawana dalili yoyote; kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa mara moja kati ya nne. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, ilhali Ulaya na Marekani ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Wao hufa kama sisi, na wengi hufa mapema kwa saratani ya ngozi inayoletwa na jua.

Hata hivyo lazima nikiri kwamba mfano wa daraja una mpaka wake. Mchanga hauna dhamiri, mtu anayo. Bamba halikuchagua kuwa jembamba. Kusema kwamba muuaji ni mnyororo hakumpunguzii lawama hata mmoja aliyemo. Hisabati ya lawama si kama ya deni, ambalo wakiligawana wanne kila mmoja hulipa robo. Aliyekata ana hatia nzima, na aliyemtuma ana hatia nzima.

Wapo watakaouliza: je, kama waliamini kweli? Je, imani si udhuru? Mahakama zetu zimelishughulikia swali hilo tangu zamani. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza kesi kutoka Uganda. Mtu alikutwa usiku akitambaa uchi karibu na nyumba ya watu, nao wakamwua wakiamini ni mchawi aliyekuja kuwaroga. Mahakama iliona kwamba walighadhibishwa, ikashusha kosa likawa la kuua bila kukusudia. Mwaka 1951 mahakama hiyohiyo iliweka mpaka: imani ya uchawi peke yake haitoshi, sharti liwepo tendo la papo hapo lililomtia mtu ghadhabu. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na majaji wale, lakini walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya, yaani hofu na tamaa. Mtu aliyeua kwa hofu gizani anaweza kuhurumiwa. Mteja wa viungo hakuogopa kitu. Alikaa mchana, akapiga hesabu ya mtaji na faida, akaingiza uhai wa mtoto katika gharama. Imani yake haikumsukuma kuua. Ilimpa tu bidhaa ya kununua.

Sasa tumrudie mpelelezi. Tamthilia ina haki katika jambo moja kubwa: hakimu anafanikiwa kwa sababu haupeleleziuchawi, anapelelezea mauaji. Historia ya China yenyewe inatuonyesha kinachotokea pale mpelelezi anapoingia katika imani ileile ya watu anaowapeleleza. Mwaka 1768, huko Deqing katika mkoa wa Zhejiang, ulizuka uvumi kwamba waashi wa daraja huandika majina ya watu walio hai kwenye karatasi na kuyagongomea pamoja na nguzo, ili roho zao ziitie nguzo nguvu. Uvumi ukaenea, ukawa wa watu wanaokata ncha za nywele ili kuiba roho. Mfalme Qianlong akaamuru wasakwe nchi nzima. Ombaomba na watawa wakakamatwa, wakateswa, wakakiri. Maungamo hayo yalipochunguzwa upya yalionekana ni ya uongo, na kabla ya mwaka kwisha msako ukasitishwa. Hakuna mwizi wa roho aliyepatikana, ila wapo waliokufa kwa mateso.

Nasi tuna letu la kujifunza hapo. Machi 2009, katika Kanda ya Ziwa, wananchi waliitwa kupiga kura ya siri, kila mmoja aandike jina la anayemshuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Nia ilikuwa njema, kuwapa nafasi ya kusema wale wanaoogopa kusema. Lakini katika eneo ambalo bibi vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni, jina lililoandikwa kwenye karatasi laweza kuwa ushuhuda, na laweza kuwa ramli nyingine. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mwenye tahadhari. Kwa mpelelezi ni sumu.

Dawa yake aliiandika ofisa wa Kichina, Song Ci, mwaka 1247, katika kitabu chake cha uchunguzi wa maiti. Anasimulia kisa cha mtu aliyekutwa amekatwakatwa kwa mundu, mali zake zikiwa hazijaguswa. Mchunguzi hakuuliza nani mchawi. Aliuliza marehemu alikuwa na ugomvi na nani, akaambiwa yupo mtu aliyenyimwa mkopo. Akaagiza wanakijiji walete miundu yao, ikapangwa chini juani. Nzi wakakusanyika kwenye mmoja tu, kwa harufu ya damu ambayo macho hayakuiona. Fuata fedha, kisha fuata damu. Hakuna zaidi.

Na kuhusu kugawa lawama, nimeshangazwa na sheria ya zamani ya nasaba ya Ming. Ilikuwa na kifungu mahsusi kwa anayeua ili kuchukua viungo vya mtu kwa uchawi. Adhabu zake zilikuwa za kikatili, wala sizipendekezi kwa yeyote. Lakini ilijua kuhesabu: mkuu wa tendo alikuwa na adhabu yake, wasaidizi yao, na kiongozi wa kijiji aliyejua akanyamaza naye alikuwa na yake. Kiongozi wa kijiji asiyejua hakuguswa. Watunga sheria wale walielewa kwamba mauaji ya kafara hayawezekani bila ukimya wa majirani.

Sisi tulio huku, maili elfu nane kutoka Muleba, ni majirani wa namna gani? Tusijidanganye kwamba yamebaki kule. Watoto kadhaa wa Kitanzania waliokatwa mikono waliletwa Marekani mwaka 2015 kutengenezewa viungo bandia huko Philadelphia. Mwaka 2017 walirudi kupimwa vipya, kwa sababu mtoto hukua na mkono bandia haukui. Itabidi ubadilishwe tena na tena hadi utu uzima. Hayo ndiyo matengenezo ya kosa ambalo halikuwa lao.

Yetu ni madogo, lakini ni yetu. Ndugu akipiga simu kuomba fedha za "mtaalamu" wa kufungua biashara, tuulize mtaalamu huyo anataka nini, na jibu likiwa na kiza tukatae, hata kama undugu utaingia doa. Mganga wa mitishamba ana heshima yake. Anayepiga ramli na kutaja majina hana. Watoto wetu wakiuliza habari za watu wenye ualbino, tuwaambie habari za jeni, jua na kofia pana, na ile hadithi ya kutoweka tusiwarithishe. Tukijua jambo, tuseme kwa polisi, na tuseme tunachokijua, si tunachokihisi.

Hakimu wa tamthilia humvua kinyago mtu mmoja, na sisi tunazima televisheni tukiwa tumeridhika. Hakimu wa kweli angegeuka pia kuwatazama watu waliojaa uani kushangilia, akauliza ni nani kati yao aliyekuwa akijua.