Nani Anamdai Muhammad Ali?

Muhammad Ali alifariki Juni 3, 2016, akiwa na miaka 74. Siku sita baadaye akaswaliwa mjini kwao Louisville, katika ukumbi wa Freedom Hall, ule ule alimopigana pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa mwaka 1960. Mashabiki wa kila pembe walimkumbuka kwa namna moja: bingwa wa dunia wa uzito wa juu mara tatu, kijana aliyekataa jeshi mwaka 1967 akavuliwa mkanda, mgonjwa aliyewasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 huku mkono ukimtetemeka. Yote ni kweli. Lakini habari za Joe Frazier, mpinzani wake ulingoni, zilipitiwa juujuu, na hapo pana swali la dini: anayempenda marehemu anyamazie makosa yake, au ayataje? Nadai kwamba yako makosa ambayo kuyanyamazia ni kumpunja marehemu mwenyewe, na alilomtendea Frazier ni mojawapo.

Ali alipofungiwa asipigane, kuanzia 1967 hadi 1970, Frazier alimsaidia kwa fedha na kumtetea arudishiwe leseni. Malipo yake yalikuwa matusi. Kabla ya pambano lao la kwanza, Machi 8, 1971, New York, Ali alimtangaza kuwa kibaraka wa wazungu. Huyo ni Frazier, mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, aliyepata kibarua machinjioni Philadelphia, ilhali Ali alikulia katika nyumba yenye nafuu zaidi. Frazier akashinda kwa pointi. Walipokuwa wakielekea pambano lao la Manila mwaka 1975, Ali akamwita sokwe, akawa anatoa mfukoni kidoli cha mpira cha mnyama huyo na kukitwanga ngumi mbele ya waandishi wa habari, nao wakaangua kicheko. Ni mzaha wa kuuzia tiketi, watasema, na kweli tiketi ziliuzwa. Ila mtu mweusi kumwita mweusi mwenzake sokwe mbele ya kamera za Marekani ni kuwakabidhi wabaguzi tusi lao wenyewe likiwa limeshapigwa msasa.

Pingamizi zito zaidi linatoka msikitini: Mtume alikataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Sina ubishi na hilo. Lakini kutukana ni jambo moja na kutoa ushahidi ni jingine, na wanazuoni wa hadithi walilijua hilo vyema. Waliandika vitabu vizima kuhusu wapokezi waliokwisha kufa, wakisema bila kificho kwamba fulani alikuwa mwongo na fulani kumbukumbu yake haikutegemewa, kwa sababu haki ya walio hai ilihusika. Aibu ya chumbani kwa mtu inasitiriwa, na sioni faida ya shabiki kuchambua ndoa nne za Ali. Tusi lililotolewa hadharani halina sitara ya namna hiyo. Aliyetukanwa ana jina, na watu wake wapo.

Tazama pia yanayofanyika mazikoni kwetu. Baada ya jeneza kuwekwa, hutangazwa kwamba anayemdai marehemu awaone wafiwa. Hakuna anayeona kwamba maiti ametukanwa. Kinyume chake, kunyamaza ndiko kungemdhuru, maana haki ya mja haifutwi mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Ali alilielewa deni lake. Mwaka 2001 aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times, akikiri kwamba alisema mengi yasiyofaa. Frazier mara alisema amekubali, mara alilalamika kwamba ameombwa radhi gazetini badala ya uso kwa uso. Frazier alipofariki Novemba 2011, Ali, ugonjwa ukiwa umeshamlemea, alikwenda mazishini Philadelphia. Ukimfanya Ali kuwa mtu asiyewahi kumkosea yeyote, safari hiyo inabaki bila maana, na toba yake, ambayo pengine ilimgharimu kuliko raundi 14 za Manila, inafutika pamoja na kosa.

Wengine wanahofu kwamba ukweli huu unawapa silaha waliomchukia tangu alipokataa kwenda Vietnam. Hofu hiyo inamdhania Ali kuwa dhaifu kuliko alivyokuwa. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Nyerere hakumpokea, na waandishi wakambana: mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini? Ali alikiri kwamba habari hizo hakuwa nazo, akajiuliza hadharani kama hakuwa ametumiwa vibaya. Waliombana hawakuwa maadui zake. Walikuwa watu wa bara lililomshangilia alipopigana Kinshasa mwaka 1974. Aliyevumilia kusahihishwa mbele ya halaiki akiwa hai hahitaji kufunikwa shuka na mashabiki wake akiwa kaburini.

Kuna anayeuliza kuyataja haya kutamfaa nani, ikiwa wote wawili wamekwisha kufa. Kutalifaa jina la Frazier. Philadelphia kwa miaka mingi ilikuwa na sanamu ya Rocky, bondia wa kubuni wa sinema, anayeonekana akifanya mazoezi kwa kupiga minofu iliyotundikwa machinjioni, kama Frazier alivyofanya kweli. Frazier mwenyewe alijengewa sanamu mwaka 2015, miaka minne baada ya kufa. Waliocheka na Ali mbele ya kile kidoli walishiriki katika kumpunguza mtu huyu. Ali aliomba radhi kwa sehemu yake. Sehemu ya mashabiki bado haijaombewa radhi, na wao, tofauti na Ali, bado wana ulimi wa kuombea.