Nchi ya Angani na Wateja Wangu

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Shaaban Robert anatwambia hivyo, wala hajisumbui kueleza kinachoizuia isianguke. Mimi nauza kanga Mtaa wa Uhuru. Mteja wangu halipii doti mpaka aivute, aigeuze aone kama rangi imepenya upande wa pili, kisha alambe kidole asugue pindo. Watu wagumu hivyo! Lakini wasomee kitabu chenyewe, Kusadikika cha mwaka 1951, hakuna atakayeuliza nguzo ziko wapi. Watauliza kama Karama, mshtakiwa wa hadithi hiyo, atafungwa.

Sasa mtu anasadikije jambo analojua fika kwamba halipo?

Kijana anayetubebea mizigo kwa mkokoteni alinikuta nasoma. "Mama, si uongo tu huo?"

Nikamwambia uongo tunaujua sisi wa Kariakoo. Mtu anauziwa simu kwa nusu bei, akifika nyumbani anakuta kipande cha sabuni ndani ya boksi. Tapeli humpa mtu dunia isiyo na kikwazo: kila anachokitamani kipo, tena leo leo. Kusadikika inaninyima. Wajumbe sita wanapelekwa pande zote, hata juu na chini, wanarudi na mambo ya kuifaa nchi, wanatupwa gerezani. Naomba moyoni angalau mmoja apokewe kwa heshima. Wapi! Na kadiri ninavyonyimwa ndivyo ninavyosadiki, kwa sababu nchi isiyojali matakwa yangu haiwezi kuwa njozi yangu mwenyewe.

Karama kashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mwandishi angeweza kumshushia malaika. Kwa nchi iliyo angani, malaika wasingekuwa na safari ndefu. Badala yake anamwacha ajitetee kwa maneno matupu mbele ya waziri Majivuno. (Majina hayo yanayofichua tabia ya mtu kabla hajafungua mdomo, kwangu ni dosari.) Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na nadhani alijua vizuri jinsi neno la mdogo linavyopokewa mezani kwa mkubwa. Aliyewahi kukalia benchi pale Mahakama ya Kisutu akisubiri kesi ya nduguye haoni ugeni katika kesi ya Karama.

Riwaya nyingine, Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, inanisumbua zaidi. Mle hata wanafalsafa waliokufa zamani wanaongea, sheria za dunia hiyo huzishiki, na bado sikukiweka kitabu chini. Labda kwa kuwa kinachonyimwa mle ni jibu lenyewe.

Nisichokisadiki katika Kusadikika ni mwisho wake: Karama anashinda, wafungwa wanafunguliwa, mfalme karidhika. Raha imekuja kirahisi mno. Nilipomsimulia yule kijana wa mkokoteni, alikataa katakata. Alisema hapo ndipo alipoanza kuiamini hadithi, maana yeye ameshawahi kuona mtu akiachiwa.