Mnazi Ukianguka, Nani Anajibu?

Ukienda Ramisi ukauliza shamba hili ni la nani, utapewa jina moja. Ukiuliza minazi hii ni ya nani, unaweza kupewa jina jingine kabisa. Mgeni hudhani anafichwa jambo. Hafichwi. Huku pwani, ardhi na kilichopandwa juu yake vimezoeleka tangu zamani kuwa vitu viwili. Mtu aliweza kuweka rehani minazi kumi na shamba likabaki lake, au akawa na minazi kwenye ardhi ambayo kila mtu anajua si yake. Aliyekulia Mombasa hatashangaa sana, maana mjini kuna nyumba bila ardhi: kuta zako, mabati yako, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi unakilipia kodi.

Sheria tuliyoachiwa na Waingereza haipendi mambo haya. Kwa sheria ile, kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Ukipanda mwembe kwenye shamba la mwenye hati, umempandia yeye. Asante na kwaheri.

Basi kati ya mkono uliopanda na karatasi yenye muhuri, mti unamfuata nani? Usidhani hili ni swali la wazee wa kijiji peke yao. Linakungoja na wewe uliyeko Pipeline au Bamburi, siku utakapopigiwa simu kwamba minazi ya nyanya imepata mteja.

Tuanze na mkono. Kupanda mnazi si kama kupanda mchicha. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au saba kabla hujaona nazi, kisha ukitunzwa huzaa kwa miongo mingi. Anayeupanda anatangaza kwamba yupo na ataendelea kuwepo. Wenye mashamba walilijua hilo vizuri sana. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa watumwa walibaki kwenye mashamba yale yale kama maskwota. Kulima muhogo na mtama, ruhusa. Kupanda mnazi au mkarafuu, hapana. Muhogo ukishang'olewa haudai kitu, lakini mnazi husimama pale miaka nenda miaka rudi ukitoa ushahidi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi za pwani. Waliojua njia ya kufikisha madai yao mbele ya maofisa wakapata karatasi. Wengi waliokuwa na jembe tu wakabaki na jembe.

Ramisi yenyewe inaijua hadithi hii. Kiwanda cha sukari cha hapa kilifungwa mwaka 1988. Mashamba ya miwa yakakaa, watu wakalima, wakapanda, wakazaa watoto. Mwaka 2007 kampuni mpya ya sukari, KISCOL, ikapewa ardhi kwa mkataba wa kukodi, na mvutano kati yake na wakazi ukafika hadi mahakamani. Siamui kesi hapa, hiyo si kazi yangu. Nataka tu uone kwamba katika mivutano ya aina hii upande mmoja huleta karatasi na upande wa pili huleta mwembe, na hakimu amesomeshwa kusoma karatasi.

Moyo wangu unataka kusema mkono ushinde, tumalize. Na kuna wakubwa wa kuniunga mkono. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu akichanganya jasho lake na ardhi isiyo na mwenyewe, inakuwa yake. Katika fiqhi ya Kiislamu pia, anayehuisha ardhi iliyokufa ana haki juu yake. Lakini hoja ya jasho ina matundu mawili. La kwanza, walowezi wa Kizungu waliitumia hoja hiyo hiyo kunyang'anya ardhi za watu huko Marekani, ati wenyeji hawaifanyii kazi. La pili ni la karibu zaidi: jasho hukauka. Aliyepanda amefariki. Mjukuu wake hajatoka jasho lolote, na mjukuu wa mwenye hati naye hajatoka jasho. Wote wawili wamerithi tu. Tukimpa mmoja haki kwa jasho la babu, mwingine naye atadai haki kwa karatasi ya babu, na hatujasogea hata hatua moja.

Kwa hiyo nadhani tunauliza swali lisilofaa. Badala ya kuuliza nani alipanda, hebu tuulize nani anajibu.

Mnazi una kazi ambazo hazionekani siku ya mauzo. Kuna ule ulioinamia paa la jirani. Nazi kavu ikidondoka usiku juu ya mabati, nyumba nzima inaamka. Ikimdondokea mtoto, ni msiba. Inabidi atafutwe mkwezi, na wakwezi wanazidi kuwa haba, kwa sababu kijana mwenye nguvu anaona afadhali bodaboda kuliko kupanda mti mrefu bila kitu cha kumshika akiteleza. Mkwezi analipwa kwa mti, pesa mkononi, hata kama nazi zenyewe hazijapata mnunuzi.

Halafu kuna chonga. Huyu ni mdudu mweusi mwenye pembe, anayechimba kwenye kilele cha mnazi, pale pale ambapo majani yote yanachipukia. Kuti likifunguka utaliona limekatwa kama kwa mkasi. Akifika kwenye moyo wenyewe, mti umekwisha, maana mnazi hauna kilele cha pili. Lakini chonga hazaliwi kwenye mnazi mzima. Anataga mayai kwenye magogo yanayooza na kwenye marundo ya samadi. Yaani ukiangusha mnazi wako, ukatia pesa mfukoni, ukaliacha gogo lioze shambani, umewafungulia chonga wodi ya wazazi. Wakikua hawatakufuata wewe mjini. Watamla jirani.

Hapo ndipo ile kauli ya "mti ni wangu, nitaufanya nitakavyo" inapoanguka. Mti haujawahi kuwa wa mtu mmoja kwa namna hiyo. Kivuli chake kinavuka mpaka, mizizi yake inavuka, nazi zake zinadondoka upande wa pili, na hata maiti yake ina madhara kwa wengine. Anayestahili kuitwa mwenye mti ni yule anayeitwa mambo yakiharibika, na anaitika.

Utaniambia: basi mkwezi ndiye mwenye minazi, si ndiye anayeihangaikia? La. Mkwezi analipwa, na kesho akipata kazi nyingine anaondoka bila lawama. Kujibu ninakokusema ni kule kwa kubeba hasara ambayo hakuna wa kukulipa.

Kipimo hiki kinatukata na sisi wa mjini. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Kelele zikawa nyingi, na Novemba mwaka huo Rais Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Mitandaoni tuliwalaumu sana wenye mashamba waliouza. Lakini mbuyu wa umri ule hakuna aliye hai aliyeupanda, kwa hiyo kwa hoja ya jasho hauna mwenyewe. Aliyeukosea nafasi ya mahindi mwaka baada ya mwaka ni mwenye shamba. Sisi tuliopiga kelele tulikuwa tumeubebea nini? Hata hivyo kipimo hakimwachi muuzaji huru kabisa. Nyuki, popo, watoto waokota mabuyu, majirani waliozoea kusema "pinda kulia pale mbuyuni", wote walipata hasara na hakuna aliyewauliza. Alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla yetu, lakini si haki ya kuamua peke yake.

Sasa rudi kwenye ile simu ya minazi ya nyanya. Mteja anataka mbao, au anataka kiwanja cheupe. Warithi mko kumi na wawili, minazi thelathini. Mafungu ya mirathi yanajulikana, na sisemi yavunjwe. Ila mara nyingi kuna mmoja aliyebaki pale, mara nyingi shangazi, na fungu lake linaweza kuwa dogo kuliko la kaka yake anayeishi Mombasa. Yeye ndiye aliyemlipa mkwezi. Yeye ndiye aliyekwenda kumwomba radhi jirani kwa mabati yaliyotoboka. Katika hesabu ya pesa anahesabiwa kwa fungu lake. Katika hesabu ya uamuzi, angepaswa kuwa wa kwanza kusema na wa kwanza kurudishiwa gharama zake, kabla hata shilingi moja haijagawanywa.

Fungu na sauti ni vitu viwili, kama shamba na minazi. Fungu huja kwa damu. Sauti huja kwa kujibu.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mteja "sawa, leta msumeno", mpigie shangazi. Msalimie vizuri, muulize hali, kisha muulize mambo mawili: mkwezi wa mwisho alilipwa na nani, na minazi ikiangushwa, magogo yatatolewa na nani? Kama majibu yote mawili ni jina lake, pokea fungu lako likifika, lakini uamuzi mwachie.