Dawa ya Jana

Kosa ambalo hakuna atakayeligundua bado ni kosa? Mimi swali hili lilinikuta gizani, kwenye studio ya mjomba hapa Kakamega.

Dawa ya kusafishia picha aliichanganya mwenyewe: maji ya moto, kama nyuzi 50, poda kidogo kidogo, koroga mpaka iyeyuke. Adui yake ni hewa. Ndiyo maana aliiweka kwenye chupa za kahawia zilizojaa hadi shingoni. Chupa ikibaki nusu, dawa huharibika mapema na kugeuka rangi ya chai. Lakini chini ya taa nyekundu, rangi hiyo huioni.

Siku moja mama fulani alileta negativu ya marehemu mumewe. Alitaka picha kubwa ya matanga. Tulikuwa na nusu chupa ya kitambo.

“Tutumie hii tu,” nikasema. “Kwani mama atajua?”

Mjomba akaniacha nijaribu. Picha ikatoka, ila weusi wake ulikuwa hafifu. Mzee aliyekuwa mweusi tititi akawa na uso wa majivu.

Ni kweli, mama asingejua. Angelaumu negativu, kisha amlilie mumewe mbele ya uso usio wake. Asiyejua hajakupa ruhusa ya kumpunja. Amekuamini tu, na hilo ni deni.

Mjomba aliimwaga ile dawa, akabandika maji jikoni. Hasara ikawa yetu. Ingekuwa ya nani?

Leo nahariri picha kwenye simu. Nikishawishika kufanya kazi ya bora liende, naikumbuka ile chupa.