Haki ya Kumfunga Mgonjwa

Mtu huru hufungwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kosa alilotenda. Ya pili ni usalama anaotakiwa. Sababu ya kwanza ina hakimu, shahidi na mtetezi. Sababu ya pili mara nyingi haina hata mmoja wao, maana mwenye kufunga huitwa mwema, na mwenye kufungwa hutarajiwa ashukuru. Kwa hiyo haki huulizwa kwa nadra penye wema kuliko penye adhabu, ijapokuwa kamba ya wema hubana sawa na kamba nyingine yoyote.

Mfano wa jambo hili hupatikana katika mafunzo ya wahudumu wa dharura. Sajili ya taifa ya wahudumu hao katika Marekani ilianzishwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi mmoja wa mitihani yake ya vitendo ulihusu mgonjwa aliyeketi, kama mtu aliyekutwa ndani ya gari lililogongwa, ambaye hudhaniwa kuwa ameumia uti wa mgongo. Mwanafunzi alipewa dakika 10. Kwanza alimwamuru msaidizi wake akishike kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili, kielekee mbele, sawa na kiwiliwili. Kisha alipima mikono na miguu: je, yaweza kujongea, yahisi mguso, yapitiwa na damu? Alimvika mgonjwa kola ya shingo yenye kimo kimfaacho. Akapitisha nyuma ya mgongo kizibao chenye vibao vigumu na mikanda. Akafunga kiwiliwili kwanza na kichwa baadaye. Mwishowe akapima tena mikono na miguu. Kichwa kikiachwa kabla hakijafungwa barabara, mwanafunzi alianguka mtihani, hata kama mengine yote aliyafanya sawasawa.

Asili ya amri hii ni hofu njema. Pingili za shingo zaweza kuvunjika na ugwe wa fahamu upitao ndani yake ukabaki mzima. Mtu aliyepatwa na hayo yu ukingoni, na yahofiwa kuwa mkono mmoja wa pupa waweza kumtoa katika maumivu ya siku chache ukamtia katika ulemavu wa maisha. Waliotunga amri walimwona mtu huyu mmoja, wakaona ni heri wengi wafungwe bure kuliko yeye apooze. Tahadhari kabla ya hatari, wasema wahenga, na hapana mwenye moyo atakayewacheka.

Walakini huruma si ushahidi. Mwaka 1994 ilichapishwa habari ya watu 21 wenye afya waliofungwa juu ya ubao mgumu kwa dakika 30; wote walipata maumivu, na hapana mmoja wao aliyekuwa majeruhi. Mwaka 1998 matabibu walilinganisha majeruhi 120 wa uti wa mgongo katika Kuala Lumpur, Malaysia, ambao hawakufungwa njiani, na 334 katika New Mexico, Marekani, ambao wote walifungwa. Ulemavu haukuwa mdogo kwa waliofungwa, ulizidi. Ulinganisho huo si hukumu ya mwisho, kwa kuwa nchi mbili hutofautiana kwa mengi zaidi ya mikanda. Tena, mwaka 2009, jaribio dogo lilionyesha kuwa shingo ya mtu mzima wa afya, akiisha kuvikwa kola, ilijongea kidogo kabisa alipoachwa atoke garini mwenyewe. Yaani kumfunga aliyeketi nako ni kumtikisa.

Hapa ndipo swali la maadili linapoanza. Je, ni nani apaswaye kuleta ushahidi, afungaye au afunguaye? Desturi hujibu kuwa ni afunguaye, kwa sababu kufunga kumekwisha kuzoeleka. Haki hujibu kinyume: mwili wa mtu ni wake, na atakaye kuuzuia ndiye mwenye deni la sababu. Mtetezi wa desturi atasema kuwa makosa mawili haya hayana uzito mmoja. Maumivu ya saa moja si kitu mbele ya kupooza kwa maisha. Hoja hii ina nguvu, lakini yasimama juu ya nguzo mbili: kwamba kufunga huzuia kupooza kweli, na kwamba gharama yake ni maumivu tu. Nguzo ya kwanza haijathibitishwa. Ya pili si kweli, kwa kuwa mikanda ya kifua huzuia pumzi, kola huweza kuongeza shinikizo ndani ya kichwa, na dakika zipitazo garini ni dakika ambazo anayevuja damu hana. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hili nalo ni neno la wahenga.

Iko sababu nyingine isiyotamkwa. Aliyefungwa akapooza, watu husema ni ajali. Ambaye hakufungwa akapooza, watu huuliza ni nani aliyemhudumia. Basi mkanda mmoja hufanya kazi mbili: huushika mwili wa mgonjwa, na huikinga heshima ya mhudumu. Kazi ya pili si dhambi, lakini yafaa iitwe kwa jina lake. Mhudumu atakaye kuijua nia yake na ajiulize kama angefunga hata pasipokuwa na mtu wa kumlaumu.

Haifuati kwamba mikanda itupwe. Mwaka 2000 uchunguzi wa majeruhi 34,069 ulitolewa katika Marekani juu ya maswali matano: je, katikati ya shingo pana maumivu yaguswapo? Je, pana dalili ya fahamu kudhoofika katika viungo? Je, akili yake i macho? Je, amelewa? Je, ana jeraha jingine la uchungu wa kumsahaulisha shingo? Watu 818 walikuwa na jeraha la shingo, na maswali hayo yaliwakosa 8 tu, ambao 2 kati yao jeraha lao lilikuwa la maana. Yalitungwa ili kuamua nani apigwe picha ya eksirei, lakini wahudumu wa barabarani nao walijifunza kuuliza kwa mfano wake. Mwaka 2013 chama cha matabibu wa huduma za dharura na kamati ya majeruhi ya chuo cha wapasuaji, vyote vya Marekani, vilitangaza kuwa ubao mrefu utumiwe kwa kuchagua.

Yafaa kukumbuka kuwa hata mtihani ule wa dakika 10 ulikuwa na mbegu ya haki ndani yake. Kabla ya mkanda wa kwanza na baada ya mkanda wa mwisho, mwanafunzi aliamriwa aguse vidole vya mgonjwa na kumwuliza kama anahisi. Hapo mgonjwa hakuwa mzigo wa kufungashwa. Alikuwa shahidi katika shauri lake mwenyewe. Aulizwaye hivyo kwa dhati, kisha akafungwa kwa sababu ya jibu lake, ametendewa haki. Na aulizwaye, kisha akafunguliwa kwa sababu ya jibu lake, naye ametendewa haki iyo hiyo.