Je, Kila Lisemwalo Lipo?

Mtoto arudi kisimani magharibi, maji yamemwagika, macho yamemtoka. Asema amemwona bibi yake amesimama chini ya mwembe, naye bibi huyo tulimzika mwezi uliopita. Wako majirani watakaomcheka na kumwita mwongo. Wako wengine watakaoshika njia usiku ule ule kwenda kwa mganga, ili waambiwe marehemu ataka nini, au ni nani aliyemtuma. Majirani hao waonekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi, lakini kosa lao ni moja: hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtoto neno.

Wazee wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Twauheshimu usemi huo, maana mara nyingi uvumi huitangulia kweli kama wingu linavyoitangulia mvua. Lakini je, ni kila lisemwalo? Na Mkristo, aliyeamriwa asimshuhudie jirani yake uongo, afanyeje na ushuhuda wa mtu mwema ambaye hasemi uongo, na huenda hata hivyo amekosa? Swali hili tumependa kulipima kwa habari ya zamani ya Uingereza, kwa kuwa ni rahisi kushika mizani sawasawa mtu apimapo jambo lisilo la nyumbani kwake.

Tarehe 23 Oktoba 1642, siku ya Jumapili, majeshi mawili ya Waingereza yalikutana chini ya kilima kiitwacho Edgehill, katika jimbo la Warwickshire. Upande mmoja alikuwako Mfalme Charles wa Kwanza; upande wa pili lilikuwako jeshi la Bunge, likiongozwa na Earl wa Essex. Watu wa lugha moja na Biblia moja walipigana tangu alasiri hata giza likawatenga. Hilo lilikuwa pigano kubwa la kwanza la vita vile vya wenyewe kwa wenyewe. Walikufa watu yapata 1,000 au zaidi, na usiku ule baridi ilikuwa kali mno, majeruhi wakalala uwanjani pamoja na maiti. Kulipokucha hapakuwa na upande ulioweza kusema kwa haki kwamba umeshinda.

Hata mwezi wa Januari 1643 kikapigwa chapa kijitabu chenye habari ya ajabu. Kilisema kwamba siku za karibu na Krismasi, usiku wa manane, wachungaji wa kondoo na wasafiri walisikia ngoma kwa mbali, kisha vilio vya askari wanaokufa. Halafu wakaona angani majeshi yale yale mawili yakipigana, na bendera zao, na bunduki zikilia, na farasi wakipiga kelele. Jambo hilo lilidumu kwa saa kadhaa, kisha likatoweka. Watu wale wakakimbilia mji wa Kineton, wakamwamsha hakimu, William Wood, na mhubiri, Samuel Marshall, wakaapa mbele yao. Usiku wa pili hakimu na mhubiri walikwenda wenyewe pamoja na watu wengi, nao wakaona. Habari ikamfikia Mfalme huko Oxford, akatuma wajumbe sita wachunguze, akiwamo Kanali Lewis Kirke. Hao nao, chasema kijitabu, waliyaona hayo hata wakawatambua baadhi ya wafu kwa nyuso zao. Mmoja wa wafu hao alikuwa Sir Edmund Verney, aliyeuawa akiwa mchukuzi wa bendera ya Mfalme. Wajumbe wakarudi, wakaapa mbele ya Mfalme kwamba ndivyo ilivyo.

Hapa msomaji atatuzuia, aseme: "Hakimu, mhubiri, wajumbe sita, na kiapo juu yake, mwataka nini tena? Torati yenyewe iliridhika na mashahidi wawili au watatu." Neno hilo ni zito, wala hatutaki kuliruka. Twakiri kwanza kwamba hatuna haki ya kuwaita watu hao waongo. Lakini kiapo hulinda ulimi, hakilindi jicho. Aapaye aweza kuahidi kwamba atanena kama alivyoona, wala hawezi kuahidi kwamba alivyoona ndivyo ilivyokuwa. Basi kumwamini mtu ni jambo moja, na kulikubali neno lake ni jambo jingine. Na alichunguzaye neno hamvunjii mwenyewe heshima.

Na tuulize maswali matatu. La kwanza: habari imetufikia kwa mkono wa nani? Wachungaji wale hawakutuandikia. Hata habari ya wajumbe wa Mfalme twaipata katika kijitabu kile kile, kilichotolewa wakati ambapo kila upande ulitafuta ishara za mbinguni. Tena kijitabu hicho, katika jina lake lenyewe, chauweka mji wa Kineton katika jimbo la Northamptonshire, hali uko Warwickshire. Mtu akikosea kutuonyesha mlango wa nyumba, si lazima awe mwongo katika habari za yaliyomo ndani. Lakini tangu hapo twamsikiliza kwa hadhari.

La pili: aliyeona alikuwa katika hali gani? Ulikuwa usiku wa majira ya baridi, juu ya uwanja wenye makaburi ya miezi miwili tu. Wajumbe walitumwa kutazama mizuka, wakijua wanachotafuta. Nao walikuwa watu wa Mfalme, na waliolala pale walikuwa wenzao. Sote twajua jinsi kisiki cha njiani kinavyogeuka mtu kwa yule aliyeambiwa kwamba njiani kuna mtu. Hata wanafunzi wa Bwana, walipomwona usiku akija juu ya maji, walipiga yowe wakidhani ni kivuli. Hawakusema uongo, macho yao yalijaa hofu, na aliyekuja alikuwa rafiki yao.

La tatu: je, habari yapatana na mambo mengine yajulikanayo? Hapo twende nyumbani kwa Sir Edmund, Claydon, katika jimbo la Buckinghamshire, yapata kilomita 40 kutoka uwanjani. Watu husimulia kwamba mkono wake ulionekana ukali umeushika mti wa bendera, na pete ya Mfalme kidoleni, lakini mwili haukupatikana. Na kwamba mzuka wake hutembea katika nyumba ile ukiutafuta mkono. Lakini kumbi mashuhuri za Claydon na ngazi yake kubwa, ambazo wageni huzitazama leo, zilijengwa katika karne ya 18, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Sir Edmund hakuzikanyaga maisha yake yote. Na uwanja wa Edgehill wenyewe, sehemu yake kubwa ni ghala la silaha za jeshi tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili, wala watu hawaingii humo wapendavyo. Palipozuiwa miguu, masimulizi hupita bila kizuizi.

Je, twasema basi kwamba hapakuonekana kitu? La. Hatukuwako, na anayekana asilolijua ni ndugu wa anayekubali asilolijua. Twasema tu kwamba ushuhuda huo, ujapokuwa wa watu wa heshima, hautoshi kutufunga. Mwenye kuchunguza asione haya kusimama hapo. Neno "haijathibitika" ni neno la uungwana, nalo ni adimu vinywani mwetu.

Lakini liko jambo ambalo hatutaki kulipita. Kwa nini wajumbe walimtambua Sir Edmund? Mtu huyu hakuipenda vita ile. Moyoni alitamani Mfalme akubali matakwa ya Bunge. Lakini alisema kwamba amekula mkate wa Mfalme karibu miaka 30, naye hawezi kumwacha siku ya taabu. Mwanawe mkubwa, Ralph, alikuwa amekaa Bungeni, upande wa adui za baba yake. Baba akaenda vitani kwa ajili ya wema aliotendewa, akafa. Mwana akatafuta habari za maiti ya baba yake, asizipate. Hakuna kaburi alilosimama kando yake akaomba radhi, wala udongo alioutupa kwa mkono wake. Waliokwisha kufiwa watatuelewa. Twadhani kwamba aliyetembea Edgehill miezi ile hakuwa maiti, bali lilikuwa deni la walio hai, msiba ambao haukuzikwa. Mtu amwonaye marehemu gizani, mara nyingi ana neno ambalo hakupata kumwambia mchana.

Nyumba ya Claydon haikuhifadhi masimulizi ya mzuka tu. Ilihifadhi pia maelfu ya barua za jamaa ya Verney. Bibi Parthenope, dada wa Florence Nightingale, ambaye aliolewa katika jamaa hiyo, alizikusanya habari zake ziwe kitabu, kikaanza kutolewa mwaka 1892, yeye mwenyewe amekwisha kufariki. Kwa barua hizo twazijua fadhaa za baba na majonzi ya mwana. Mzuka haukutuambia hata neno moja la hayo. Atakaye kusikia sauti ya wafu, na atafute walichoandika na walichotenda. Hapo hana haja ya kungoja usiku.

Mtu atatuuliza: "Kuna hasara gani kuwaachia watu mizuka yao?" Kweli, mizuka ya Edgehill haikumdhuru mtu. Kijitabu chenyewe kilimalizia kwa kuona humo hasira ya Mungu juu ya vita vya ndugu, na kumwomba alete amani. Lakini katika vita ile ile, mwaka 1645, katika jimbo la Suffolk, mtu mmoja aitwaye Matthew Hopkins alizunguka akitafuta wachawi, na watu waliwashuhudia jirani zao kwamba wamewaona na pepo. Mchungaji mmoja wa kanisa, John Lowes, mzee wa miaka yapata 80, alizuiwa asilale siku kadhaa usiku na mchana, akakimbizwa chumbani hata akakiri asiyoyatenda. Mwezi wa Agosti alinyongwa mjini Bury St Edmunds, na watu 18 kwa jumla wakanyongwa siku hiyo moja, wengi wao wanawake. Mashahidi wengi wa habari hizo, bila shaka, waliamini wanayoyanena. Kilichowaua wazee wale si uongo peke yake. Ni ushuhuda ambao hakuna aliyeuuliza maswali.

Hapo ndipo ilipo hatari ya masimulizi yasiyochunguzwa. Leo twasema, "Nimeona." Kesho twauliza, "Nani amemleta?" Kesho kutwa kuna kikongwe mmoja, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na asiye na mwana wa kumtetea, ambaye jina lake limekwisha kutajwa. Kutoka mwembe hata mlango wa kikongwe si mbali, na hakuna apitaye njia hiyo akijidhania mwovu. Kila mmoja adhani analilinda boma lake.

Basi tumrudie mtoto wetu, maana bado amesimama mlangoni anatetemeka. Tusimcheke, wala tusitoke na taa kwenda kwa mganga. Tumkalishe, tumpe maji, tumwulize kwa upole: umesimama wapi, mwanga ulitoka wapi, nani alikuwa nawe, ulikuwa ukiwaza nini? Kuuliza si ujinga. Asubuhi twende naye mpaka pale mwembeni, tumshike mkono, tutazame pamoja kilichoko. Huenda ni kitambaa, huenda ni tawi lililovunjika, huenda hakuna kitu, nasi tutamwambia hivyo bila kuongeza.

Kisha tumwulize swali la mwisho, ambalo wajumbe wa Mfalme hawakuulizwa: je, wamkumbuka sana bibi yako? Na akilia, tukae naye, maana pengine tulimzika yule bibi kwa haraka, tukarudi mashambani, wala hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto naye alikuwa amefiwa.