Kura Haiuzwi

Esau alirudi kutoka porini ana njaa. Kwa sahani moja ya dengu akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Baadaye alipoitaka baraka, machozi yake hayakumrudishia kitu.

Raia naye ana haki yake. Kwa Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, Mkongomani aliyetimiza miaka 18, mwanamume au mwanamke, aweza kupiga kura, isipokuwa sheria imemzuia. Humchagua Raisi wa Jamhuri na mjumbe wa Bunge la Taifa. Humchagua tena mjumbe wa baraza la jimbo, na hapo wengi hudanganyika wakidhani kura hiyo ni ndogo. Kumbe mabaraza ya Kinshasa na ya majimbo 25 ndiyo yanayowachagua magavana. Ndiyo pia yanayowachagua maseneta wanaotunga sheria za nchi nzima.

Basi mtu aliyepokea chumvi na kitambaa ili aitoe kura ya jimbo, ameuza watu watatu kwa pamoja: mjumbe, gavana na seneta. Naye mjumbe aliyenunua kura atatafuta kurudishiwa mali yake. Atauza ya kwake. Chumvi huisha kabla ya mwezi kwisha, bali mamlaka hukaa miaka mitano, na dhuluma yake huwafikia hata watoto wasiopiga kura.

Mkristu mwema huingia peke yake penye kura ya siri, lakini Mungu amwona. Huiuliza dhamiri yake ni nani apendaye haki na kuwahurumia maskini. Humchagua huyo, akatoka na mikono safi.